Rege Mbele ya Majaji: Haki ya Mwananchi Kuisikia Katiba Ikijadiliwa

*Kesi kubwa za katiba nchini Kenya zimetoka katika kumbi za mahakama zikaingia katika simu za watu. Makala haya maalumu yanatazama kilichopatikana, kinachohofiwa, na sababu ya nyimbo kuwamo ndani ya jambo hili tangu mwanzo.*

Alasiri ya Alhamisi, tarehe 13 Mei 2021, Ramadhani ikiwa ukingoni na shughuli za Idi zimekwisha kuchangamka katika mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, majaji watano wa Mahakama Kuu ya Kenya waliketi jijini Nairobi wakaanza kusoma hukumu ambayo nchi nzima ilikuwa ikiingoja, na usomaji ule, uliotangazwa moja kwa moja katika runinga na katika intaneti, haukumalizika mpaka usiku ulipokuwa umeingia.

Katika kibaraza kimoja cha Kibokoni, baada ya swala ya Magharibi, wasikilizaji walikuwa wameizunguka simu moja iliyoegemezwa kwenye birika la kahawa, na kila bando la mmoja lilipomalizika, mwengine alitoa simu yake ikawekwa mahali pa ile ya kwanza, ili maneno ya majaji yasikatike. Nami nilikuwa miongoni mwao, nikizitazama nyuso za wasikilizaji zaidi ya nilivyoyaandika maneno ya wasomaji.

Hukumu ilikuwa kwa Kiingereza cha sheria, nacho ni kigumu hata kwa aliyekisoma. Basi mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akiwafasiria wenziwe kila baada ya kitambo, sentensi mbili au tatu, na alipokwama, baraza zima lilinyamaza likimngoja.

Hatimaye, ilipodhihirika kwamba mswada wa kuirekebisha katiba umebatilishwa, hapakuhitajiwa tena mfasiri. Mtu alisema kwamba rege imezimwa, na kila mmoja, mwenye Kiingereza na asiyekuwa nacho, alifahamu.

Nimepewa na mhariri kazi ya kuchunguza iwapo matangazo ya moja kwa moja ya kesi za katiba yanamfaa mwananchi, ama yanamwonyesha majaji na majoho yao pasi na kumfikisha kwenye sheria yenyewe. Na sikuona njia ya kulijibu swali hilo bila ya kuanza na wimbo.

Wimbo uliogeuka sera

Asili ya rege hii ni mkono uliopeanwa tarehe 9 Machi 2018 katika ngazi za Jumba la Harambee, Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake, hayati Raila Odinga, waliposimama pamoja mbele ya wapiga picha baada ya msimu mrefu wa uhasama. Kutokana na mapatano yale ukazaliwa mpango wa maridhiano uliojulikana kwa herufi tatu, BBI. Na kutokana na mpango ule ukazaliwa mswada wa mwaka 2020, wenye vifungu 74, ulionuia pamoja na mengine kurejesha cheo cha waziri mkuu na kuongeza maeneobunge 70.

Katika mikutano ya hadhara Raila aliuita mpango huo rege, akawahakikishia wafuasi wake kwamba rege haizuiliki. Wazo hilo lilitoka katika wimbo wa Lucky Dube, mwana wa Afrika Kusini, uliomo katika albamu yake ya mwaka 1989 iitwayo Prisoner, wakati nchi yake ilipokuwa ingali chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, na muziki wa watu weusi ukihesabiwa kuwa jambo la kupelelezwa.

Lucky Dube aliuawa na majambazi mjini Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007. Hakuishi kuona wimbo wake ukiwa jina la mswada wa katiba katika nchi ya mbali, wala kuona jina hilo likifuata mswada mpaka mbele ya majaji. Lakini mtu yeyote aliyepanda matatu za Mombasa au Nairobi katika miaka ile anajua kwamba sauti yake haikuwa ngeni huku, na kwamba mwanasiasa aliyeiazima hakuwa na haja ya kuieleza.

Wako walioliona jambo hilo kuwa ni dharau kwa katiba. Mimi sikuliona hivyo. Wananchi wengi hawakupata nafasi ya kuusoma mswada wenye vifungu 74, na wimbo ndio uliowapa njia ya kuutaja sokoni, bandarini na msikitini, wakauunga mkono au wakaupinga. Tatizo lilikuwa jingine: mtu aliyeutaja kwa jina la wimbo aliweza kuutaja tu, hakuweza kuuhoji.

> Wimbo hufika mahali ambapo hukumu haifiki; lakini haubebi sharti, wala illa, wala maoni ya jaji aliyepingana na wenzake.

Yaliyokuwamo katika kurasa 321

Hukumu ile ya Mei ilikuwa na kurasa 321, na waliokuwa kitini ni majaji Joel Ngugi, George Odunga, Jairus Ngaah, Teresia Matheka na Chacha Mwita. Walisema kwamba Rais hana mamlaka ya kuanzisha marekebisho kwa njia ya Kifungu cha 257, ambayo ni njia ya raia wenyewe wanaokusanya saini zisizopungua milioni moja. Kwamba Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, iliyokuwa imebakiwa na makamishna watatu, haikutimiza idadi ya kufanya kazi ile. Na kwamba Rais aweza kushtakiwa kwa kesi ya madai akiwa madarakani.

Juu ya hayo yote walisema jambo zito kuliko mengine: kwamba katiba ina msingi wake, na kwamba msingi huo hauwezi kubomolewa kwa njia ya marekebisho ya kawaida, ila wananchi wenyewe warejee kwenye chimbuko la mamlaka yao, waelimishwe, washirikishwe, waunde baraza la kutunga katiba, kisha wapige kura ya maoni.

Fikra hiyo ilikuja kutoka India, ambako tarehe 24 Aprili 1973 majaji 13 wa mahakama ya juu waliamua, kwa wingi mwembamba, kwamba bunge haliwezi kuugusa muundo wa msingi wa katiba. Karibu nusu karne baadaye hoja ile ya Delhi ilikuwa ikisomwa kwa sauti katika simu iliyoegemea birika la kahawa, na mwalimu mstaafu akitafuta maneno ya kuwaeleza wavuvi na wauza samaki. Nilimwona akifumba macho, akasema kwamba nyumba yapakwa rangi, yaongezwa chumba, lakini anayeung'oa msingi hatengenezi nyumba. Sijasikia wakili aliyeieleza vizuri zaidi.

Tarehe 20 Agosti 2021 Mahakama ya Rufaa, ikiwa na majaji saba, ilikubaliana na sehemu kubwa ya hukumu ile, kila jaji akisoma yake, jumla ikapindukia kurasa 1,000. Mahakama ya Juu nayo, baada ya kuwasikiliza mawakili kwa siku tatu mwezi Januari 2022, matangazo yakiwa hewani mwanzo mpaka mwisho, ilitoa uamuzi wake tarehe 31 Machi 2022.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji anifuate polepole. Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, iliikataa hoja ya muundo wa msingi; ikasema tume ilikuwa na idadi ya kutosha; ikasema Rais hashtakiwi kwa madai kwa mambo anayoyatenda katika utumishi wake. Walakini ilishikilia kwamba Rais hana ruhusa ya kuitumia njia ya raia, na kwamba yale maeneobunge 70 yalipachikwa bila ya wananchi kushirikishwa.

Mswada ukafa mara ya tatu. Aliyesema katika kila hatua kwamba rege imezimwa alisema kweli mara tatu. Lakini sheria aliyobaki nayo Mkenya baada ya Machi 2022 si ile aliyokuwa nayo baada ya Mei 2021, na baina ya hizo mbili pana tofauti kubwa mno, kwani rais yeyote ajaye anaweza kujua leo kwamba hakuna msingi wa katiba uliofungwa kwa kufuli, maadamu afuate utaratibu ulioandikwa.

Tofauti hiyo mtu hawezi kuipata katika wimbo, wala katika kipande cha sekunde thelathini kinachopitishwa kutoka simu hadi simu. Ipo katika usikilizaji mzima, hatua kwa hatua, pamoja na swali la jaji na jinsi wakili alivyolijibu au alivyolikwepa.

Kabla ya simu kulikuwa na taarabu

Watu wa pwani hawakuanza na intaneti kutaka kujua yanayopita mahakamani. Zama za ukoloni, kesi ziliposikilizwa kwa lugha ya watawala na mbele ya mahakimu wageni, habari ilitoka mlangoni mwa mahakama ikaingia kwa waimbaji, na waimbaji wakairudisha kwa umma ikiwa na mizani na vina.

Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki dunia mwaka 1950, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Mwaka 1928 alisafiri na wenziwe hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na santuri zile zikasikika pwani nzima na kupindukia.

Miongoni mwa nyimbo zake umo uitwao Kijiti, unaosimulia kisa cha kweli cha mwanamke aliyenajisiwa na kuuawa. Mtuhumiwa akatorokea bara, na wanawake waliokwenda mbele ya hakimu kueleza waliyoyajua ndio waliotiwa adabuni. Kumbukumbu ya shauri lile ingefungiwa kabatini ikaliwa na mchwa. Wimbo umelihifadhi, na umehifadhi pamoja nalo uchungu wa watu walioona insafu imepinduliwa mbele ya macho yao.

Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya wanasheria husema kwamba kesi zikitangazwa moja kwa moja wananchi watazigeuza maneno ya baraza na nyimbo. Wananchi walizigeuza nyimbo miaka mia moja iliyopita, milango ikiwa imefungwa. Kilichobadilika ni kwamba leo anayetilia shaka masimulizi ya mwimbaji anaweza kurejea kwenye sauti ya jaji mwenyewe na kupima.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyaweka mambo haya pamoja. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, na papo hapo kinataja uhuru wa ubunifu wa sanaa. Anayesikiliza kesi na anayeitungia wimbo wamekingwa na kifungu kimoja. Kifungu cha 50 nacho kinataka mashauri yasikilizwe hadharani, huku kikiruhusu mahakama kuwatoa waandishi na watu wengine pale inapolazimu kuwalinda mashahidi, walio dhaifu, maadili, utulivu wa umma au usalama wa taifa.

Wanaohofu, na wanachokihofu

Si haki kuwadharau wanaopinga. Husema kwanza kwamba wakili akijua kamera imemwelekea hupamba maneno kwa ajili ya hadhira iliyo nje, akawasahau majaji walio mbele yake. Na mtu aliyezifuatilia kesi za uchaguzi wa rais, zile za 2013, 2017 na 2022, zote zikitangazwa mubashara, hawezi kukana kwamba ameyaona hayo.

Husema pia kwamba jaji ni binadamu. Akijua kwamba sura yake itatukanwa na kuchezewa katika simu za watu wasiomjua, huenda akalainisha kauli, au akaacha kuuliza swali lililo kali. Hofu hii naiheshimu kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa dhara lake halionekani. Hatuwezi kulisikia swali ambalo halikuulizwa.

Husema tena kwamba mashahidi watatishika. Nchini Tanzania, mwezi Agosti 2025, mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja katika shauri la uhaini lililomkabili Tundu Lissu, hoja ikiwa ni hiyo ya kuwalinda mashahidi. Kabla ya hapo, Januari 2016, serikali ilitangaza kuwa televisheni ya taifa itaacha kuonyesha vikao vya bunge moja kwa moja, sababu iliyotolewa ikiwa ni gharama.

Mbali na kwetu, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu sauti ya mabishano isikike moja kwa moja kwa mara ya kwanza tarehe 4 Mei 2020, janga la korona lilipowalazimisha majaji kusikiliza kwa simu, na mlango wa kamera haujafunguliwa. Uingereza, kwa upande wake, imeruhusu kamera katika Mahakama yake ya Juu tangu ilipoanza kazi mwaka 2009. India iliamua mwaka 2018 kwamba matangazo ni sehemu ya haki ya mwananchi kuifikia mahakama, ikachukua miaka minne kulitimiza neno lake.

Nimeyapima yote hayo, na hukumu yangu ni hii. Hoja ya mashahidi ni nzito katika kesi za jinai, na pale nisingependa mahakama ilazimishwe. Lakini kesi ya katiba kwa kawaida haina shahidi anayesimama kizimbani; ushahidi wake huletwa kwa hati za kiapo, zilizoandikwa na kutiwa sahihi, kisha mawakili hubishana juu ya maana ya maneno ambayo wananchi wenyewe waliyapitisha kwa kura. Huyo shahidi wa kulindwa yuko wapi?

> Katika kesi ya katiba wanaosema ni mawakili na majaji, na kinachojadiliwa ni mali ya watu wote.

Ama kuhusu majaji, tukio moja limenitia nguvu. Tarehe 3 Juni 2021, wiki tatu baada ya hukumu ya BBI, Rais Kenyatta aliteua majaji waliokuwa wamependekezwa tangu mwaka 2019, akawaacha nje sita, wakiwamo Joel Ngugi na George Odunga, akitaja mashaka juu ya maadili yao. Wananchi waliokuwa wamewasikiliza wawili hao usiku ule hawakuwa na haja ya kuambiwa ni akina nani. Walijua sauti zao, walijua hoja zao, na walizungumza juu ya kuachwa kwao kama watu wanaozungumza juu ya jamaa. Majaji hao waliapishwa Septemba 2022, baada ya Rais mpya kushika madaraka. Kwa hivyo naamini kwamba kusikika hadharani kulikuwa ngao kwao.

Wimbo wenyewe ukiwa kizimbani

Afrika Kusini ilikutana na jambo hili kwa namna ya ajabu zaidi, kwani huko wimbo ulikuwa ndio mshtakiwa. Ni ule wimbo wa enzi za mapambano unaojulikana kwa jina la Dubul' ibhunu, yaani mpige kaburu risasi, ambao mwanasiasa Julius Malema aliuimba katika mikutano, na jumuiya ya AfriForum ikadai kwamba unachochea mauaji ya wakulima weupe.

Mwaka 2011 Jaji Colin Lamont aliamua kwamba ni maneno ya chuki, akauzuia. Mwezi Februari 2022 shauri jingine lilisikilizwa Johannesburg, likitangazwa moja kwa moja, na kwa siku kadhaa taifa lilisikiliza mabishano ambayo kwetu pwani yangelikuwa ya kawaida kabisa: je, maneno ya wimbo ni yale yasemwayo, ama ni yale yaliyokusudiwa? Aliitwa hata mtaalamu wa fasihi simulizi ya Kiafrika kueleza jinsi nyimbo hizo zinavyofanya kazi. Agosti mwaka huo Jaji Edwin Molahlehi alilitupa shauri, Mahakama ya Rufaa ikamuunga mkono Mei 2024, na mwezi Machi 2025 Mahakama ya Katiba ikakataa kuipokea rufaa.

Mtu aliyelelewa na taarabu anajua kwamba fumbo lina tabaka, na kwamba bibi anayetunza pesa jukwaani huenda anamjibu jirani yake kwa beti ambalo mtunzi alilitungia mwengine. Lakini hakimu wa kigeni aliyepewa maneno yale yamefasiriwa katika karatasi hawezi kuyaona hayo. Ndiyo maana nafurahi kwamba ubishani ule ulitangazwa: waliofiwa mashambani waliisikia hoja ya waimbaji, na waimbaji waliisikia hofu ya wakulima, ana kwa ana, jaji akiwa kati. Si wote walioridhika, na sioni ajabu.

Siku mitambo ilipozimwa

Wakenya wanajua pia ladha ya kunyimwa. Tarehe 30 Januari 2018, Raila alipokula kiapo chake cha kujitangaza rais wa wananchi katika bustani ya Uhuru Park, serikali ilizima vituo vikubwa vya televisheni, na mnamo tarehe 1 Februari Jaji Chacha Mwita, yuleyule aliyekuja kuwa mmoja wa watano wa BBI, akaamuru virudishwe hewani.

Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliupinga Mswada wa Fedha mpaka wakaingia bungeni, na katika barabara za Nairobi waliimba Anguka Nayo wa Wadagliz, wimbo wa kucheza tu, ambao haukutungwa kwa siasa yoyote, lakini ukawa wao siku ile. Yaliyotokea, na damu iliyomwagika, yalionekana moja kwa moja katika runinga na katika simu za waandamanaji wenyewe.

Mwaka mmoja baadaye, siku ya kuwakumbuka waliokufa, Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo vyote kuacha kuyatangaza maandamano moja kwa moja, ikitegemea vifungu vya 33 na 34 vya katiba, na mitambo ya baadhi ya vituo ikazimwa. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo lile. Sitaki kulipita jambo hili haraka, kwa sababu laonyesha ni kwa nini nasema kuwa matangazo yasiwe hisani ya mkubwa yeyote: kifungu kilichoandikwa kumlinda msikilizaji ndicho kilichonukuliwa kumziba masikio, na aliyemzibua ni jaji.

> Kinachotolewa kwa hisani huondolewa kwa agizo la asubuhi moja.

Kwa lugha ya nani?

Lakini nisiwe kama mtu anayeusifu mlango uliofunguliwa akanyamaza kuhusu kiza kilichomo chumbani. Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa, kikakifanya pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza; hata hivyo hukumu zile za BBI, kurasa mamia kwa mamia, zilisomwa kwa Kiingereza, na wale watu wa Kibokoni walizipokea kwa hisani ya mwalimu mmoja.

Lau mwalimu yule asingalikuwapo usiku ule, wangalibaki na neno rege peke yake. Na nchini pana vibaraza visivyohesabika ambavyo havina mwalimu wa namna hiyo.

Tanzania ilibadili sheria yake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na ingawa kazi hiyo ina mazito yake, hasa katika istilahi na vitabu vya rejea, mwananchi wa huko anaweza kudai kwa sheria kwamba ahukumiwe kwa maneno anayoyafahamu. Hivyo basi Mtanzania ana lugha ya mahakama, na matangazo humponyoka. Mkenya ana matangazo, na lugha humpita. Hao ni ndugu wawili ambao kila mmoja ameshika nusu ya haki moja.

Wapo watakaosema kwamba sheria haifasiriki, kwamba maneno kama yale ya muundo wa msingi yakitiwa katika Kiswahili yatapoteza ukali wake. Mimi nilimsikia mwalimu mstaafu akiyatia, bila ya maandalizi na bila ya kamusi, na ukali wake haukupungua hata chembe.

Kanuni ipo, yahitaji kukamilishwa

Njia ya kulitengeneza jambo hili haihitaji mswada wenye vifungu 74. Kifungu cha 22 cha katiba kinampa Jaji Mkuu madaraka ya kutunga kanuni za kesi za haki za msingi, na Jaji Mkuu Willy Mutunga alizitunga mwaka 2013, zikaja kuitwa kwa jina lake. Kanuni hizo ni za huruma na busara: mtu aliyevunjiwa haki aweza kuleta malalamiko yake kwa barua ya kawaida, au hata kwa mdomo, na mahakama ikayaandika.

Kanuni iliyomfikiria mlalamishi asiyejua kuandika ilipaswa kumfikiria pia msikilizaji asiyejua Kiingereza. Na iandikwe humo kwamba kila shauri la katiba lisilokuwa na shahidi wa kulindwa litangazwe moja kwa moja na mahakama yenyewe. Kwamba jaji anayetaka kulifunga aeleze sababu zake kwa maandishi. Kwamba usikilizaji wote, bila ya kukatwa, uhifadhiwe mahali ambapo mtu atakayeletewa kipande cha sekunde thelathini aweza kwenda kukisikiliza kilichokitangulia na kilichokifuata. Na kwamba muhtasari wa hukumu usomwe kwa Kiswahili na jaji, si na mtangazaji, katika kikao kilekile.

Gharama ya hilo la mwisho ni mfasiri mmoja hodari na kurasa chache. Karani wa mahakama anayeyapokea malalamiko ya mdomo ya mvuvi wa Vanga kwa Kiswahili, akayaandika, hana udhuru wa kumkosesha mvuvi yuleyule jawabu lake kwa lugha ileile, siku ileile hukumu isomwapo.